Andazi la saa nne: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu mtoto mwenye siliaki shuleni

Kengele ya saa nne ikilia katika chekechea nyingi, kinachofuata ni chai na andazi, au chapati, au slesi ya mkate. Mtoto mwenye ugonjwa wa siliaki hana chake hapo zaidi ya chai. Akila ngano, shayiri au nafaka iitwayo rai, protini iliyomo iitwayo gluteni huichokoza kinga ya mwili wake ikaushambulia utumbo mdogo, na vile vijidole vidogo mno vinavyofyonza lishe hunyauka mpaka ukuta wa utumbo ukabaki bapa. Kidonge cha kumeza hakuna. Tiba ni kuacha gluteni kabisa. Nyumbani jambo hilo linawezekana kwa sababu jiko lina mwenyewe. Shuleni kuna mwalimu, matroni, mpishi, na watoto thelathini wenye ukarimu. Tangu binti yangu aanze chekechea nimesikia mengi, na haya ndiyo yanayorudi kila muhula.

"Huo si ugonjwa wa Wazungu?"

Kiwango cha juu kabisa kinachojulikana kilipatikana Afrika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta siliaki kwa takribani 5.6% ya watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, ilhali duniani kwa jumla hukadiriwa kuwa kama 1%. Kwetu mtoto mwembamba mwenye tumbo lililojaa na damu pungufu hupewa kwanza dawa ya minyoo. Wangu alipewa mara tatu. Jambo moja kwa mzazi ambaye bado anashuku tu: usimwachishe mtoto ngano kabla ya kipimo cha damu. Kipimo hutafuta jinsi mwili unavyoipinga gluteni, na gluteni ikishaondoka majibu yanaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo.

"Kumbe ni aleji. Mbona alikula na hakuvimba?"

Hapa ndipo walimu wengi hupotea, na siwalaumu. Mtoto mwenye aleji kali ya karanga huvimba midomo na kubanwa pumzi mbele ya macho yako, akahitaji sindano ya adrenalini papo hapo. Siliaki haina tamthilia hiyo, na sindano hiyo haiisaidii. Tumbo linaweza kuuma baada ya saa kadhaa, au mtoto akaharisha kesho yake, au akawa na hasira na usingizi darasani, na wengine wasionyeshe kitu chochote huku utumbo ukiendelea kuharibika. Kwa hiyo "alikula na hakudhurika" ni kauli ambayo jicho haliwezi kuithibitisha. Madhara yake huja taratibu: upungufu wa damu, mifupa dhaifu, urefu usioongezeka.

Kitu kimoja ambacho shule inaweza kufanya bila gharama yoyote ni kumruhusu mtoto huyu aende chooni bila kunyoosha mkono na kungoja.

"Kidogo tu hakidhuru"

Mwalimu mmoja, mtu mwema kweli, aliniambia kwa furaha: "Mama, leo kala sambusa, lakini nimemtolea ganda lote, kala nyama tu." Alichukua muda wake kuibandua ile manda. Nilishukuru, kisha nikakaa naye tukapiga hesabu.

Slesi moja ya mkate ina takribani gramu 2 za gluteni, yaani miligramu 2,000. Watafiti waliwapa watu wenye siliaki miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu, na utumbo wao ukaonyesha uharibifu. Ikate slesi vipande 40: kipande kimoja kwa siku kinatosha. Wengi hubaki salama wakiwa chini ya miligramu 10 kwa siku, ambazo ni sehemu moja katika mia mbili ya slesi ile. Hayo ni makombo yanayobaki mezani baada ya jirani yake kumaliza kula. Bidhaa inayouzwa kama isiyo na gluteni hairuhusiwi, kwa kiwango cha kimataifa, kuzidi miligramu 20 katika kilo nzima. Nyama iliyolala ndani ya manda tangu asubuhi haiwezi kubaki chini ya kiwango hicho.

Tangu siku hiyo mwalimu huyo ndiye anayepangusa meza kabla binti yangu hajakaa. Namba zilifanya kazi ambayo maombi yangu ya mwaka mzima hayakufanya.

"Moto unaua kila kitu"

Unaua vijidudu. Gluteni si kijidudu, na mafuta yaliyokaanga maandazi yakitumiwa kukaangia chipsi, chipsi zile hazimfai tena. Sanitaiza nayo haiiondoi mikononi. Inataka sabuni na maji.

"Basi mpe ugali, umekwisha"

Nusu ya kweli, na tuna bahati nayo. Mahindi, mchele, muhogo, ndizi, ulezi, mtama, viazi na maharage vyote havina gluteni kwa asili. Makande ya shule yanaweza kuwa mlo wake bora wa wiki. Shida iko njiani. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano humwaga mabaki yake kwenye mahindi yanayofuata. Unga wa uji wa lishe mara nyingi huwa na ngano ndani, na jina "lishe" halikuambii. Mchuzi mwingine huongezwa unga uwe mzito. Kitumbua ni cha mchele, ila kuna wapishi wanaochanganya ngano kidogo ili kishikane. Mpishi muulize kwa heshima, si kwa kumhoji kama polisi, naye atakwambia ukweli wote. Mwiko na sufuria ndogo za mtoto nimenunua mwenyewe na kuzitia alama ya rangi zisichanganywe na nyingine.

"Hatari iko kwenye chakula peke yake"

Gluteni haipiti kwenye ngozi, ila mkono wa mtoto wa miaka mitano huishia mdomoni. Unga wa kuchezea wa kufinyanga mara nyingi ni wa ngano, na ile gundi ya uji wa ngano ya kubandikia picha ni ngano tupu. Gundi ya muhogo hubandika vilevile.

"Akikua itaisha"

Mwaka 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, aliwatibu watoto wa siliaki kwa ndizi, akiwanyima mkate. Walinenepa. Ndizi zikasifiwa, na watoto wakarudishiwa mkate kana kwamba wamepona. Kilichowasaidia ni kilichoondolewa sahanini. Daktari Mholanzi, Willem Dicke, aliyekuwa tayari akiishuku ngano, aliona katika majira ya njaa ya 1944 na 1945 kwamba mkate ulipoadimika watoto wake walipata nafuu, na uliporudi wakaugua tena. Siliaki ni ya maisha.

"Heri tumkalishe peke yake"

Ugonjwa huu hauambukizi. Anakaa na wenzake, na chakula chake kwenye hotpoti yake. Kwa siku za sherehe mwalimu anatunza kopo lenye bisi na ndizi kavu, ili keki ikija ghafla asibaki akitazama.

Kigumu zaidi kwetu kilikuwa adabu. Tumelelewa kwamba chakula ukikaribishwa hukikatai, na watoto wenzake wanamkatia andazi kwa upendo. Tulimfundisha kusema, "Ahsante, nina changu." Tuliizoesha nyumbani kwa mchezo: bibi yake anakuwa rafiki wa darasani, anabembeleza, ananuna, anasema "kidogo tu, mjukuu wangu," na mtoto anakataa. Bibi alihitaji mazoezi hayo kuliko mjukuu.