Mnara wa simu unasingiziwa mengi: mgando wa TV Mombasa

Mnara mpya ukisimikwa Kisauni au Likoni, kila TV inayoganda mtaani huwa ni kosa lake. Kuna wakati lawama hiyo ni ya haki, ila mara nyingi si kwa sababu watu wanazozitaja.

"Simu na TV zinagombania masafa yaleyale."

Hapana, ni majirani. Enzi za analogi TV ilitamba hadi megahazi 862. Baada ya kuhamia dijitali, Kenya ikiwa mwaka 2015, simu zikapewa sehemu ya juu, na TV ikabaki kati ya 470 na 694. Faiba 4G, mtandao wa simu ulioanza mwaka 2017, unatumia masafa ya 700, mlango wa pili tu kutoka kwa TV.

"Picha ikikatika, ongeza busta."

Hapa ndipo penye kisa chenyewe. Nasema busta ya antena, si ule mnara ambao wengi wetu tunauita busta pia. Busta nyingi zilizoko paani zilitengenezwa kukuza kila kitu hadi 862, na simu zikiwemo. Mlingoti wa matangazo uko kilomita kadhaa, mnara wa simu uko nyuma ya duka. Busta hulemewa na ule wa karibu, ikavuruga hata chaneli ambazo simu haizigusi kabisa. Ni kama kunong'onezwa jambo huku spika za harusi zimeelekezwa sikioni. Ukiongeza ya pili, umeongeza fujo.

Mwambie fundi aitoe busta kwanza, waya uende moja kwa moja kwenye king'amuzi. Picha ikirudi, mshukiwa amepatikana. Kama mawimbi ya TV ni hafifu na busta inahitajika kweli, weka kichujio kinachozuia kila kilicho juu ya 694, na kikae kabla ya busta. Kikiwekwa baada yake hakina faida, maana uharibifu umeshatokea.

Uingereza, 4G ya masafa ya 800 ilipokuja, kampuni iitwayo at800 iliundwa kugawa vichujio bure. Ilihofiwa kwamba nyumba zaidi ya milioni mbili zingeathirika. Zilizoathirika kweli zikawa chache mno kuliko hofu hiyo.

"Simu ya mkononi haiwezi kudhuru TV."

Inategemea masafa. Kwenye 800, mnara ndio unaorusha karibu na upande wa TV (791 hadi 821), simu iko mbali zaidi. Kwenye 700 mambo yamegeuzwa: simu yako hurusha kati ya 703 na 733, megahazi tisa tu juu ya TV. Basi usiilaze kando ya antena ya ndani. Ule mlio wa ti-ti-ti kwenye spika simu inapotaka kuita ni kitu kingine: ni mipigo ya 2G kunaswa na nyaya za sauti, picha haihusiki.

"Dijitali haidhoofiki, ama ipo ama haipo."

Inadhoofika sana, ila kimyakimya. Chenga za zamani zilikuonya mapema. Sasa picha hubaki safi hadi siku inapoporomoka ghafla. Na hapa kwetu chumvi ya bahari hula vichwa vya waya mwaka baada ya mwaka. Tatizo likija na mvua au antena ikitikiswa na upepo, kwea paani kabla ya kuulaumu mnara. Halafu kuna joto la kaskazi: tabaka za hewa juu ya bahari zinaweza kubeba mawimbi ya TV mbali kupita kawaida, yakaingilia chaneli za huku kwa saa kadhaa, kisha yakapotea.

"5G ndiyo inayokata TV."

Ile ya megahazi 3500 iko mbali mno na antena yako. Wenye kuhofia ni wenye madishi makubwa ya C-band, yaani masafa ya setilaiti yaliyo jirani na hayo ya 3500.

Ukishajaribu yote na bado, peleka malalamiko Mamlaka ya Mawasiliano. Andika chaneli zipi zinaganda, saa ngapi, na kama kuitoa busta kulibadilisha chochote.