Kabla hamjamrudisha wodini, mtazameni mdomoni

Mama mmoja wa Kibosho alifika ofisini kwetu hapa Moshi na karatasi aliyoifunga kwenye ncha ya kitenge, pale wengine wanapofunga nauli. Ilikuwa karatasi ya masharti ambayo mwanawe aliruhusiwa nayo kutoka hospitali ya akili: akae kwa mama yake, ahudhurie kliniki kila mwezi, asitoke usiku, asisogelee kwa jirani ambaye banda lake la ng'ombe liliungua miaka ya nyuma. Kijana amevuka miaka ishirini, lakini kuhesabu kwake kunaishia kwenye vidole. Sasa alikuwa amekosa kliniki mbili, na usiku alikuwa akitoka nje kupiga mayowe. Jirani akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na neno likawa moja: arudishwe alikotoka. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili familia isitambulike.)

"Daktari, sikatai arudi," mama alisema. "Ila kule nani atamfunga kamba za viatu?"

Huku kwetu kila mwenye kitambulisho shingoni ni daktari. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na swali lake ni zito kuliko lilivyosikika.

Watu wengi huchanganya ugonjwa wa akili na ulemavu wa akili. Ugonjwa unaweza kuanza ukubwani, ukapanda, ukashuka, ukatulizwa na dawa. Ulemavu wa akili, kama ilivyo usonji, huanza utotoni na mtu huishi nao. Hakuna sindano ya kuuondoa. Kwa hiyo ukisema "arudi wodini mpaka apone" unamwekea tarehe ya kutoka ambayo haipo.

Mtu wa namna hii huwekwaje chini ya masharti? Mara nyingi njia hupitia mahakamani. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, mahakama ikiona shaka juu ya akili ya mshtakiwa humpeleka hospitali achunguzwe, na wengi hupelekwa Isanga, Dodoma. Taarifa ya daktari inatakiwa ndani ya siku 42. Mahakama ikikuta kwamba alitenda lakini akili yake haikuwa sawa, anaweza kushikiliwa hospitali, na baadaye akaruhusiwa kutoka akiwa chini ya uangalizi na masharti. Ruhusa hiyo ina mwenyewe: ni mamlaka iliyoitoa. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kutoa taarifa, na afanye hivyo akiona hatari, lakini hana mamlaka ya kuifuta. Mgambo hana, na mimi sina.

Wenzetu Uingereza wana sheria ya afya ya akili ya mwaka 1983 iliyoliandika jambo hili kwa urefu. Huko, aliyeachiwa akiwa bado chini ya zuio la mahakama huweza kuitwa arudi hospitali na Waziri wa Sheria. Lakini akirudishwa lazima aelezwe sababu, maelezo kamili yakimfikia ndani ya saa 72, na kabla ya mwezi kuisha waziri hupeleka shauri lake mbele ya baraza huru. Mwaka 2018 Mahakama yao ya Juu ilimsikiliza mtu mwenye ulemavu mdogo wa akili na usonji, aliyewahi kutiwa hatiani kwa kuchoma moto. Yeye mwenyewe alikubali kutoka hospitali hata kama angelindwa muda wote asitoke peke yake. Mahakama ikasema hapana: kwa sheria ilivyokuwa wakati ule, ruhusa ya masharti haikuweza kugeuzwa kifungo cha nyumbani, hata kwa ridhaa yake. Binafsi uamuzi ule bado unanisumbua, maana mtu yule alibaki wodini akingoja. Lakini unaonyesha jinsi sharti lenyewe linavyoweza kuwa ndilo lenye kosa.

Kwetu, Katiba katika Ibara ya 15 inakataza mtu kunyang'anywa uhuru wake nje ya utaratibu wa sheria, na Ibara ya 13 inampa haki ya kusikilizwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema ulemavu peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumfungia mtu.

Kusikilizwa, hata hivyo, kunahitaji ufundi. Nilimuuliza yule kijana, "Ulienda kwa jirani?" Akajibu, "Ndiyo." "Ulikunywa mbege?" "Ndiyo." "Ulipanda kilele cha Kibo jana ukarudi?" "Ndiyo." Wengi wenye ulemavu wa akili huitikia kila kitu ili mwenye suti aridhike, na wapo wanaoandikiwa maelezo ya polisi kwa mtindo huo. Muulize kwa maneno mafupi, jambo moja kwa wakati, mbele ya mtu anayemwamini, na usimpe jibu ndani ya swali: "Jana usiku ulikuwa wapi?"

Alinijibu kwa kushika shavu la kushoto.

Muuguzi akamwangaza kwa tochi. Gego la nyuma lilikuwa limeoza mpaka kwenye fizi, na usaha ulikuwa umekusanya. Maumivu ya jino huzidi ukilala, ndiyo maana alitoka nje. Maneno ya kusema "jino linauma" hakuwa nayo. Nimeona sikio, nimeona kuvimbiwa, nimeona kifafa kilichorudi baada ya vidonge kuisha, vyote vikiandikwa "amerudia tabia yake". Mabadiliko ya ghafla yaanzie kwenye uchunguzi wa mwili.

Na zile kliniki mbili? Mama aliteguka kifundo, na kijana hawezi kupanda daladala peke yake. Sisi ofisini hatukupiga simu kuuliza. Hilo ni letu.

Jino liling'olewa wiki ileile. Tuliandika kwa mamlaka husika tukieleza kilichotokea na kuomba sharti la kliniki lirekebishwe, wala hatukuficha kwamba jirani bado ana hofu. Mtu aliyeunguliwa banda ana haki ya kuogopa, na anapaswa kuwa na namba ya simu ya kupiga usiku. Sasa kijana huja kliniki siku ya soko, pamoja na shangazi yake anayeshuka mjini na ndizi kila wiki.