Kulala Korongoni Jangwani kwa Mara ya Kwanza: Maswali na Majibu ya Afya

Kwa nini safari hii inafaa majira ya kupukutika majani, yaani kati ya joto na baridi?

Katika majira ya joto, chini korongoni joto huweza kupita nyuzi 40, na kuta za mawe huendelea kulitoa hata jua likishazama. Kwa nchi za kaskazini mwa dunia, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mapema Novemba mchana hutembeka. Usiku ni habari nyingine: hewa baridi ni nzito, huteremka na kutuama bondeni, hivyo uliyetoka jasho saa nane mchana unaweza kuamka ukute barafu ndani ya chupa.

Safari ya kwanza iwe ya umbali gani?

Usiku mmoja, au miwili mahali pamoja. Kilomita 6 hadi 10 kwa siku zinatosha. Hesabu ianzie kwenye kupanda kutoka korongoni, maana korongo hukuteremsha ukiwa na nguvu na kukupandisha ukiwa umechoka. Kupanda huchukua karibu mara mbili ya muda wa kushuka: ukishuka kwa muda wa saa 3, tenga saa 6 za kurudi na uondoke alfajiri. Katika Grand Canyon, Marekani, mto uko zaidi ya mita 1,300 chini ya ukingo wa kusini, na askari wa hifadhi huonya watu wasijaribu kushuka hadi mtoni na kurudi siku moja.

Begi lisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wako. Mwenye kilo 60 abebe 12, maji yakiwemo. Wengi hulipima likiwa halina maji, kisha hushangaa njiani.

Nibebe maji kiasi gani?

Panga angalau lita 4 kwa mtu kwa siku, na kila lita ni kilo moja mgongoni. Chemchemi iliyo kwenye ramani huenda imekauka baada ya miezi ya joto, kwa hiyo uliza ofisi ya hifadhi wiki hiyohiyo.

Maji ya mtoni mara nyingi huwa na tope, nalo huziba kichujio. Yaache yatulie kwa saa kadhaa, mimina ya juu taratibu, ndipo uchuje au uchemshe. Yatokote dakika 1, au 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Usiku wa baridi kali lala na kichujio ndani ya mfuko wa kulalia. Maji yaliyobaki ndani yakiganda hupasua mirija yake midogo sana, na kwa macho huoni kasoro yoyote. Utajua ukishaanza kuharisha.

Basi nikinywa mengi zaidi niko salama zaidi?

Hapana, na jambo hili linastahili kueleweka vizuri. Ukinywa maji matupu kwa saa nyingi huku jasho likitoa chumvi, sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, hupungua kwenye damu. Kichwa huuma, kichefuchefu huja, vidole huvimba hadi pete inabana. Baadhi ya dalili hizi hufanana na za kuishiwa maji, kwa hiyo uliza kwanza: amekunywa kiasi gani, na mkojo una rangi gani? Aliyekunywa sana na anayekojoa kila mara mkojo mweupe kama maji asiongezewe maji. Apumzike na ale kitu chenye chumvi. Akichanganyikiwa au kupata degedege, huo ni wakati wa kuita uokoaji. Kinga yake: kunywa kadiri ya kiu, na tafuna karanga za chumvi au biskuti za chumvi kila unapopumzika.

Joto na baridi, nitazitambuaje hatari zake?

Mwenzako akianza kuongea ovyo au kuyumba na mwili wake unachoma, usisubiri jasho likauke. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwilini na umpepee mfululizo. Asiyejitambua asinyweshwe. Kwa baridi, tazama mikono: anayetetemeka na kushindwa kufunga zipu anahitaji nguo kavu sasa hivi. Pamba iliyolowa huiba joto, kwa hiyo vaa sufu au nguo za kukauka upesi, na tenga seti moja ya nguo isiyovaliwa ila wakati wa kulala.

Nilale wapi?

Mvua ya kilomita nyingi kutoka ulipo inaweza kuleta mafuriko huku juu yako mbingu ni nyeupe. Soma utabiri wa eneo lote linalomwaga maji korongoni. Kisha tazama kuta: nyasi na matawi makavu yaliyokwama yanaonyesha maji yalipofika, lala juu ya hapo. Maji yakigeuka tope ghafla, vijiti vikianza kuelea au ukisikia ngurumo isiyokatika, panda juu mara moja. Begi liache.

Na miguu?

Kata kucha siku mbili tatu kabla, kwa sababu kushuka husukuma vidole mbele ya kiatu. Ukihisi sehemu moja inapata moto, simama hapohapo, kausha, bandika tepu. Ukingoja dakika kumi, lengelenge limeshajaa.