Tarakimu za Sensa ya 1820 Si Watoto wa Babu Yako

Nimeletewa tena mti wa ukoo ambamo mkulima wa Pennsylvania, anayeonekana katika sensa ya Marekani ya 1820, amepewa mke asiye na jina na watoto kadhaa wasio na majina, wote wakiwa wamechotwa kwenye tarakimu zilizo mbele ya jina lake. Nimekwisha kulisema hili mara nyingi, na sasa naliandika: tarakimu zile ni watu waliokuwa wakiishi katika kaya hiyo, na sensa haikudai popote kwamba ni wanawe.

Ya msingi nitayapita haraka. Marekani ilihesabu watu kwa mara ya kwanza mwaka 1790, ikaendelea kila baada ya miaka 10, na hadi 1840 karani aliandika jina la mkuu wa kaya peke yake, huku wengine wakiingizwa kwenye safu za hesabu. Majina ya watu huru wote yalianza kuandikwa 1850. Watumwa waliorodheshwa bila majina, chini ya jina la mmiliki, mwaka huo na 1860 pia, na wengi wao wanaonekana kwa majina kwa mara ya kwanza katika sensa ya 1870. Uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya haukuulizwa mpaka 1880, jambo ambalo wanaonitolea sensa ya 1850 kama ushahidi wa ndoa hulisahau kila mara.

Sasa tuitazame hiyo ya 1820. Wanaume weupe walio huru walikuwa na safu sita: chini ya miaka 10, 10 hadi 15, 16 hadi 18, 16 hadi 25, 26 hadi 44, na 45 kwenda juu. Tafadhali soma tena ya tatu na ya nne. Kijana wa miaka 17 alitakiwa kuhesabiwa katika zote mbili, kwa hiyo anayejumlisha mstari mzima kama muuza duka anayefunga daftari la madeni humzalia mkulima mwana ambaye hakuwahi kuwapo.

Tuseme mstari unaonyesha mvulana mmoja wa 10 hadi 15, mmoja wa 16 hadi 18, wawili wa 16 hadi 25 na mwanamume mmoja wa 26 hadi 44. Upande wa wanawake kuna wawili walio chini ya 10, mmoja wa 16 hadi 25 na mmoja aliyetimiza 45 au zaidi. Mwenye haraka ataona baba na wana wanne, ilhali wanaume wote ni wanne tu, mkuu wa kaya akiwa miongoni mwao. Wale wawili wa 16 hadi 25 huenda ni wanawe, wadogo zake au vibarua wa msimu wa mavuno. Mwanamke mzee anaweza kuwa mama yake mjane, mama mkwe, au mke aliyemzidi umri, na yule mwanamke wa 16 hadi 25 anaweza kuwa mke, dada au binti. Hata huyo wa 26 hadi 44 kuwa ndiye mwenye jina ni dhana tu, ingawa ni dhana nzuri.

Kinachosaidia ni kuziweka sambamba sensa za 1800 hadi 1840 na kumfuata kila mtu safu kwa safu. Mvulana aliyekuwa chini ya miaka 10 mwaka 1810 anapaswa kuwa na miaka 10 hadi 19 mwaka 1820. Asipoonekana, amekufa, amehama, amepelekwa kwa fundi kujifunza kazi, au hakuwa mwana wa nyumba ile. Sensa haitakuambia ni lipi. Nenda kwenye wosia, na kwenye hati za mauzo ya ardhi ambako mke alitajwa kwa jina akiridhia kuachia haki yake ya ujane, yaani sehemu ya ardhi ambayo angeitumia mumewe akifa. Majirani walioandikwa karibu naye kwenye orodha nao husaidia, isipokuwa pale ambapo karani, Mungu amsamehe, aliipanga upya orodha yake kwa alfabeti.

Jedwali la kilimo la sensa ya 1850 hupendwa sana, kwa kuwa linataja ekari zilizolimwa, ng'ombe wa maziwa na hata pauni za siagi za kila shamba lililozalisha thamani ya dola 100 au zaidi kwa mwaka. Nalitumia, lakini siagi siiamini: mkulima gani aliyepima siagi ya mwaka mzima?

Kentucky ni mtihani mwingine, kwa sababu orodha za sensa za 1790 na 1800 zimepotea na tunategemea orodha za kodi. Hizo hutaja kijito kilicho karibu na ardhi, na mara nyingi ni kijito kinachowatenganisha wanaume wawili wenye jina moja. Wakiwa kwenye kijito kimoja, mimi huandika "haijulikani", na mteja hukasirika.