Kipima kina chako hakijafa

"Fundi, hiki kimekufa. Nitafutie kingine." Maneno hayo nimeyasikia mara nne mwezi huu kutoka kwa wenye boti wa Matema na Itungi, kando ya Ziwa Nyasa, na katika vipima kina vyote vinne, vile vifaa vinavyoonyesha kina cha maji kwenye skrini, hakuna hata kimoja kilichokuwa kimekufa. Mmoja wao alikuwa ameshanunua cha pili, akakifunga palepale kilipokuwa cha kwanza. Nacho kikapoteza namba siku ileile alipoongeza kasi. Hela ya nyavu imekwenda hivyo, na inaniuma.

Anachoamini ni hiki: kikisoma ukiwa umesimama halafu kikapotea ukikimbia, skrini ni mbovu. Sivyo. Skrini iliyosoma mita 6 umesimama ni nzima. Kilichobadilika ni maji yanayopita chini ya transdyusa, kile kipande kinachofungwa nyuma ya boti ndani ya maji. Yenyewe hutuma sauti chini na kusubiri mwangwi. Majini sauti hukimbia karibu mita 1,480 kwa sekunde, kwa hiyo sakafu ya mita 15 hujibu ndani ya sehemu 2 kati ya 100 za sekunde. Lakini kwa sauti hiyo, hewa ni ukuta. Povu jembamba likipita juu ya uso wa transdyusa, sauti inarudi kabla haijafika popote.

Nilimwambia yule mwenye vifaa viwili tutoke wote. Nikainama nyuma, nikatazama maji. Alikuwa ameifunga sambamba na mbavu ya chini ya boti, kiganja kimoja tu kutoka kwenye propela, na boti ilipochukua kasi mstari mweupe wa mapovu ukatoka kwenye ile mbavu ukapita moja kwa moja juu ya transdyusa. Akauona mwenyewe. Tuliihamishia upande wa kulia, kwa sababu propela yake, kama zilivyo nyingi, inazunguka kulia, na huko panga zinashuka badala ya kupanda na mapovu. Tukaiweka sentimita 40 kutoka kwenye propela, uso ukitokeza milimita chache chini ya sakafu ya boti, pua imeinuka kidogo ili maji yaukandamize. Kabla ya kukaza skrubu nikauosha uso wake kwa sabuni ya vyombo na kidole. Hilo huwa silisamehe: uoshe kila wiki! Utando wa petroli na mafuta ya samaki huzuia maji kushika, na hewa nyembamba kama unywele inabaki imeganda pale. Tukarudi kwa kasi yote, namba haikukatika.

Ukishahamisha na bado kinazima, nenda kwenye umeme. Najua utaniambia taa inawaka. Skrini huwaka hata umeme ukiwa dhaifu, kisha ukipiga stata volti zinaanguka na kifaa kinajizima. Usipime kwenye betri. Pima kwenye plagi nyuma ya skrini, kifaa kikiwa kimewaka na mwenzako akipiga stata. Betri inaweza kutoa volti 12.6 na plagi ikapata 10, zilizobaki zimeliwa na kutu ya kijani kwenye kishikio cha fyuzi. Vuta waya wake peke yake kutoka kwenye betri, uwe na fyuzi yake. Waya wa transdyusa usiufunge fungu moja na nyaya za injini, kwa sababu cheche za plagi za injini zitakuchorea mvua kwenye skrini. Na ukizidi urefu usiukate. Ukunje.

Yapo na malalamiko mengine. "Kule kati kinapotea." Ziwa Nyasa linafika kina cha mita 700 hivi. Kifaa kidogo kinachotuma sauti ya kilohezi 200 hakiwezi kufika huko, na namba inayopepesa mara nyingi ni ile ya mwisho iliyosomwa. Usiifuate.

"Usiku kinadanganya, kinaonyesha sakafu pasipo na sakafu." Hapana, kimeona kitu. Huenda ni kundi zito la usipa, dagaa wa ziwa hili, au ni viluwiluwi vya wale wadudu wanaopanda kama moshi juu ya ziwa. Mchana hukaa chini, usiku hupanda, na wana vifuko vya hewa mwilini vinavyorudisha sauti. Punguza usikivu wa kifaa, sakafu halisi itajitenga.

"Gundisha ndani ya boti, kitasoma tu." Kwenye faiba ngumu, ndiyo, kama gundi haina kipovu ndani. Kwenye mbao, au faiba yenye povu katikati, unapoteza gundi.

Halafu kuna ile inayonitia hofu: kwamba kitakuonya mwamba ulioko mbele. Kinatazama chini tu. Chini ya Milima ya Livingstone ukingo unazama ghafla, kwa hiyo ukirudi pwani unatoka pasipo na namba hadi kwenye mawe ndani ya muda mfupi sana. Na ninyi wa bwawa la Mtera, visiki vilivyozama havionekani hadi uwe juu yake. Punguza mwendo mapema, na ndani ya boti weka bildi, kamba yenye alama kila mita. Simama mahali pawili penye vina tofauti, pima kwa bildi, linganisha. Kama bildi inazidi kwa sentimita 30 kote kuwili, hicho ndicho kina ambacho transdyusa imezama. Ingiza hizo 30 kwenye mipangilio.