Je, wajua kwa nini Bugatti mpya ina betri kubwa na bado ina injini ya silinda 16?

Nairobi, ukitaja gari la haibridi, yaani lenye injini pamoja na mota ya umeme, watu huwaza Toyota Aqua: injini ya lita 1.5, dereva wa teksi, na tenki linalokawia kuisha. Tumezoea kuamini kwamba umeme huingia kwenye gari ili injini ipunguzwe. Ndiyo maana Bugatti Tourbillon, iliyoonyeshwa Juni 2024, inawashangaza wengi. Ina betri ya kilowati-saa 25 na mota tatu za umeme, na bado nyuma ya dereva kuna V16, injini ya silinda 16 zilizopangwa kwa umbo la V, ya lita 8.3. Chiron iliyoitangulia, isiyo na mota hata moja ya kuisukuma, ilikuwa ya lita 8.0. Betri imekuja, injini ikakua!

Jibu liko kwenye tabo. Chiron ilikuwa nazo nne. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, kisha husindilia hewa ndani ya silinda. Injini ikizunguka polepole, moshi huwa kidogo, na tabo huchelewa kuamka. Mwenye Subaru ya tabo anakijua vizuri kile kitambo kati ya kukanyaga mafuta na gari kuchomoka.

Injini isiyo na tabo huvuta hewa yenyewe. Huitikia mguu papo hapo, na sauti yake hutoka safi. Ila nguvu zake huja mizunguko ikiwa juu: V16 hii, iliyoundwa pamoja na kampuni ya Cosworth ya Uingereza, hutoa nguvu za farasi 1,000 ikifika mizunguko 9,000 kwa dakika. Huko chini ina upungufu.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Mota ya umeme hutoa nguvu yake ya kuzungusha tangu magurudumu yakiwa yamesimama. Tourbillon ina mbili mbele na moja nyuma, jumla ya farasi 800, nazo huziba pengo mpaka V16 ishike kasi yake. Kwa hiyo wahandisi waliweza kuziondoa tabo zote nne, na jumla bado ikafika farasi 1,800 dhidi ya 1,500 za Chiron ya kwanza. Kwangu huu ndio uzuri wa gari hili: betri ndiyo iliyoiokoa injini kubwa.

Na ile Aqua? Inatumia mbinu hiyohiyo. Injini yake imepangwa kubana mafuta, kwa hiyo ni dhaifu wakati wa kuondoka, na mota huibeba hapo. Tofauti ni kile kilichotafutwa.

Tourbillon inaweza pia kwenda zaidi ya kilomita 60 kwa umeme mtupu, yaani kutoka katikati ya jiji hadi Thika bila kuwasha injini. Zitatengenezwa 250 tu, kuanzia yuro milioni 3.8 kabla ya kodi, na Bugatti ilisema wateja wa kwanza watazipata 2026.

Lakini linalonivutia zaidi ni jinsi ambavyo ingefanya kazi hapa kwetu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu karibu kwa kiwango hichohicho, kwa sababu kila silinda huvuta oksijeni pungufu. Farasi 1,000 za V16 zingebaki kama 850. Ukipanda Limuru zinapungua tena. Mota hazihitaji hewa kufanya kazi, kwa hiyo zile 800 zingebaki 800. Chiron, kwa tabo zake nne za kusindilia hewa, isingeumia sana na huu mwinuko, na hapo tu ndipo ninapoona mtu wa Nairobi ana sababu ya kuzikumbuka.