Medali 519 za Ujerumani Mashariki: jinsi ya kuzisoma bila kujikwaa

Fungua jedwali la medali za Olimpiki la tangu 1896 na utaikuta nchi iliyofutika kwenye ramani tarehe 3 Oktoba 1990, lakini hadi leo imeyapita mataifa mengi yaliyo hai. Dhahabu 192, fedha 165, shaba 162. Kati ya medali hizo 519, 409 ni za majira ya joto na 110 za majira ya baridi. Ilikuwa nchi ya watu takriban milioni 17, na kwa jina lake yenyewe ilishiriki mara 5 tu majira ya joto na mara 6 majira ya baridi.

Wengi husema "ni dawa tu" na mjadala ukaishia hapo. Dawa za kuongeza nguvu zilikuwepo, nitazifikia. Lakini dawa hazikuambii kwa nini nchi iliyotawala makasia na kuogelea haikujisumbua na mpira wa kikapu.

Jibu ni hesabu ya dukani. Timu ya mpira wa magongo ina wachezaji zaidi ya kumi na makocha wao, wote wale, walale na wasafiri kwa miaka 4, na wakishinda nchi inaandikiwa dhahabu 1. Kornelia Ender peke yake alitoka Montreal 1976 na dhahabu 4 na fedha 1. Mwaka 1969 chama tawala, SED, kiliigawa michezo mafungu mawili: inayolelewa na serikali, na inayoachwa ijitafutie. Kikapu, magongo, polo ya majini, pentathloni ya kisasa na ski za kuteremka mlima zikaangukia fungu la pili. Magongo ya barafu yalipata fedheha ya aina yake: ligi ilibakizwa na timu 2, Dynamo Berlin na Dynamo Weißwasser, zikawania ubingwa wenyewe kwa wenyewe miaka nenda rudi. Soka ndiyo iliyonusurika, maana ungeifuta na watu wangekuelewa vipi? Nayo ililipa: dhahabu ya 1976, baada ya kuifunga Poland 3-1 katika fainali.

Fungu la kwanza lilikuwa na mtambo wake. Kuanzia 1973 watoto wa shule walipimwa nchi nzima, urefu, uzito, mbio, kurusha, na aliyeonekana kufaa akapelekwa kwenye shule maalumu ya michezo, masomo na mazoezi chini ya paa moja. Mtoto mwenye mikono mirefu aliweza kuelekezwa kwenye makasia kabla hajawahi kushika kasia. Moscow 1980 kulikuwa na mashindano 14 ya makasia. Ujerumani Mashariki ilichukua dhahabu 11, na katika yale 3 yaliyobaki haikukosa medali hata moja.

Vifaa navyo. Grenoble 1968, wanawake wake 3 wa sleji ya kulala chali waliondolewa mashindanoni kwa madai kuwa vyuma vya chini ya sleji zao vilipashwa moto; chuma chenye joto huteleza kwa wepesi zaidi kwenye barafu. Walikuwa nafasi ya 1, ya 2 na ya 4. Upande wao ulikana na kudai ni njama. Miaka 4 baadaye, Sapporo, nchi hiyo ilizoa medali 8 kati ya 9 za mchezo huo.

Sasa mitego ya kuhesabu, ambako nawaona hata waandishi wazoefu wakianguka. Mwaka 1956, 1960 na 1964 Wajerumani wa pande zote mbili, Mashariki na Magharibi, walishiriki kama timu moja, ambayo kwenye majedwali ina msimbo EUA, na dhahabu zao zilipigiwa muziki wa Beethoven badala ya wimbo wa taifa. Kwa hiyo dhahabu 3 za Ingrid Krämer wa Dresden katika kupiga mbizi hazimo katika zile 192. Wala dhahabu ya bondia Wolfgang Behrendt, Melbourne 1956. Wala shaba ya soka ya Tokyo 1964, ingawa timu iliyocheza ilikuwa ya Mashariki. Mwaka 1968 timu zilitengana lakini bendera na muziki vikabaki vya pamoja; hesabu ya msimbo GDR, yaani Ujerumani Mashariki, inaanzia hapo. Bendera yao wenyewe waliipandisha kwanza 1972.

Halafu kuna ususiaji. Zile medali 126 za Moscow zilipatikana bila Marekani, Ujerumani Magharibi wala Kenya. Tena wakati huo nchi iliruhusiwa waogeleaji 3 kwa kila shindano: mita 100 mtindo huru, wanawake wa Ujerumani Mashariki, Krause, Metschuck na Diers, walimaliza wa 1, wa 2 na wa 3. Kuanzia 1984 waliruhusiwa 2 tu. Los Angeles, mwaka huohuo wa 1984, Wajerumani Mashariki wenyewe walisusia. Ndiyo maana kuzipanga 126 za 1980 kando ya 102 za Seoul 1988 na kusema "walishuka" si hesabu. Ninavyoona mimi, Seoul ndiyo kipimo kigumu zaidi: wa 2 kwa dhahabu 37 dhidi ya 36 za Marekani, wapinzani karibu wote wakiwepo.

Tuje kwenye dawa. Mwaka 1974 serikali iliziweka kwenye mpango wa siri, Mada ya Mpango wa Taifa 14.25. Kidonge kikuu kiliitwa Oral-Turinabol, steroidi (dawa inayofanya kazi kama homoni ya kiume) iliyotengenezwa na kiwanda cha Jenapharm. Wasichana wengi waliambiwa ni vitamini. Mwili wa mwanamke una homoni hiyo ya kiume kidogo sana kwa asili, hivyo kipimo kilekile humsukuma mbali kuliko mwanamume. Soma Montreal kwa jicho hilo: wanawake walishinda mashindano 11 kati ya 13 ya kuogelea. Sauti zilizonenepa, ini na mifupa iliyoharibika vilikuja na bei hiyo.

Mbona hawakunaswa? Mtupa tufe Ilona Slupianek alinaswa 1977. Baada ya hapo wanamichezo walipimwa kwanza nyumbani, katika maabara ya Kreischa, kabla ya kupanda ndege. Ambaye dawa haijamtoka mwilini alibaki. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani mkuu wa michezo Manfred Ewald na daktari Manfred Höppner, vifungo vya nje.

Medali hazikufutwa, na kutoa idadi fulani kwenye 519 hakuwezekani, kwa kuwa kipaji, shule, boti na kidonge vilikuwa ndani ya mtu mmoja. Wala usizijumlishe tu na za Magharibi kupata "Ujerumani". Seoul pande hizo mbili zilipata 142 kwa nafasi za nchi mbili, kila moja ikiingiza timu yake ya kupokezana. Barcelona 1992, kwa nafasi za nchi moja, zilikuwa 82.